Kiitaliano "mettere a fuoco": moto umefikaje ndani ya kamera?

Mama Tafsiri

Habari zenu wapenzi wa lugha. Nina jambo limenisumbua tangu juzi.

Nafasiri mwongozo wa kamera kutoka Kiitaliano kuja Kiswahili. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri mpaka nilipofika sura ya lenzi. Humo neno *fuoco* limejaa kila kona. "Mettere a fuoco il soggetto": ukilifuata neno kwa neno, ni kumweka motoni yule anayepigwa picha. Chini yake kuna picha yenye ukungu, nayo imeandikiwa "fuori fuoco", nje ya moto. Halafu mwisho wa ukurasa huohuo kuna onyo kwamba lenzi isiachwe juani bila kifuniko, maana mfuko wa kamera "può prendere fuoco", unaweza kushika moto. Ukurasa mmoja, neno moja, mara nne kwa maana ya picha kuonekana wazi na mara moja kwa maana ya moto unaounguza vitu.

Maana ninaielewa, sikukwama hapo. Ninachotaka kujua ni hiki: hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati, kama paa mnyama na paa la nyumba, au ni neno moja? Kama ni moja, nani alilitoa kwenye moto akalipeleka kwenye lenzi, na alikuwa na sababu gani?

La pili. Nimeandika pembeni mwa daftari: *fuoco* ya Kiitaliano, *fuego* ya Kihispania, *fogo* ya Kireno, *feu* ya Kifaransa, *Feuer* ya Kijerumani, *fire* ya Kiingereza. Yote yanaanza na f, yote ni moto. Nimeyachukulia kuwa ndugu wa tumbo moja. Niko sahihi?

La tatu ni la kazi yenyewe. Hadi sasa nimeandika "fokasi" kila mahali, hata kwenye vitenzi, na nikijisomea kwa sauti sentensi zinagoma. Nisaidieni.

Ticha wa Fizikia

Mama, lile onyo la mwisho wa ukurasa ndilo nusu ya jibu lako. Mwandishi wa mwongozo hakubadilisha mada alipotoka kwenye picha kwenda kwenye moto. Alikuwa anazungumzia nukta ileile.

Chukua lenzi mbinuko, ile iliyo nene katikati na nyembamba pembeni. Simama juani, shika karatasi nyeusi chini yake. Lenzi ikiwa karibu mno na karatasi utaona duara pana la mwanga lisilo na ukingo unaoeleweka. Inua lenzi taratibu. Duara linasinyaa na kuzidi kung'aa, mpaka linakuwa nukta ambayo hupaswi kuikodolea macho. Hapo usitikise mkono. Baada ya sekunde chache rangi ya karatasi inabadilika, uzi mwembamba wa moshi unapanda, kisha tundu dogo linafunguka, na ukingo wake mwekundu unaanza kutambaa kwenda nje. Inua lenzi zaidi kidogo: duara linapanuka tena na ule wekundu unazimika.

Umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye nukta hiyo ndio umbali wa fokasi. Lenzi ninayotumia darasani ni ya sentimita 10, na wanafunzi wangu huupima kwa rula kabla karatasi haijatoboka.

Sasa angalia jambo ambalo mimi mwenyewe nilifundisha miaka mingi kabla halijaniingia vizuri. Ile nukta inayong'aa kwenye karatasi ni picha. Ni picha ya jua. Pale ambapo picha ya jua ni ndogo kuliko popote na ukingo wake ni mkali kuliko popote, ndipo karatasi inapoungua. Uwazi wa picha na ukali wa moto vinatokana na jambo moja, kwamba miale iliyotoka mahali pamoja imekutana tena mahali pamoja. Kamera hufanya hivyohivyo kwa mwanga unaotoka usoni mwa mtu, ila mwanga huo ni hafifu, hauunguzi kitu.

Kuhusu nani alilihamisha neno: ni Johannes Kepler, mwaka 1604, akiwa Prague kama mwanahisabati wa Kaisari Rudolf II. Alichapisha kitabu cha Kilatini juu ya mwanga, na ndani yake akaeleza maumbo yanayopatikana ukiikata pia, yaani koni: duara, duaradufu, parabola na haipabola. Maumbo haya yana nukta maalumu. Wagiriki wa kale walikuwa wakizijua. Diocles alikwisha kuthibitisha kwamba kioo chenye umbo la parabola hukusanya miale ya jua kwenye nukta moja na kuwasha moto hapo. Kepler aliona nukta hizo hazina jina. Akaandika kwamba kwa ajili ya mwanga, na macho yakielekezwa kwenye elimu ya mitambo, tutaziita *foci*. Umoja wake *focus*. Kwa Kilatini chake hilo ni jiko.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1609, Kepler huyohuyo akaeleza kwamba Mirihi haizunguki kwenye duara bali kwenye duaradufu, na kwamba Jua limekaa kwenye mojawapo ya zile nukta mbili. Kwa hiyo aliipa nukta jina la jiko kwanza, na moto wenyewe akaukuta umo ndani baadaye. Nyingine ya zile nukta mbili iko tupu, haina kitu. Kila nikifika hapo darasani nasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Mzee wa Mizizi

Ticha amelimaliza suala la lenzi vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mimi naomba nishuke chini zaidi, hadi sakafuni, kwa sababu *focus* ni kitu cha sakafuni.

Mama, ni neno moja. Si kama paa na paa. Lakini hapo mwanzo halikuwa na maana ya moto. Mrumi aliuita moto *ignis*. *Focus* palikuwa mahali: jiko la nyumbani, pale moto ulipokaa, na mbele yake ndipo familia ilipotoa sadaka kwa Lares, miungu walinzi wa nyumba. Mrumi alipotaka kusema anapigania kila kilicho chake alisema *pro aris et focis*, kwa ajili ya madhabahu na meko. Mshairi Ovid alilieleza jina hilo kwa neno la miali, *flamma*, na kwa kitenzi *fovere*, yaani kupasha joto na kulea. Kama asili ya neno siichukui, ila inaonyesha Mrumi alivyolihisi masikioni mwake: joto linalolea.

Halafu likatokea jambo ninaloliona zuri kuliko yote katika safari hii. Watu wa kawaida, si waandishi, wakaanza kuuita moto kwa jina la mahali pake. Ni jambo tunalolifanya kila siku: tunasema mtu amekula sahani mbili, tukimaanisha kilichokuwamo. Moto walioushughulikia watu asubuhi na jioni ulikuwa ule wa jikoni, basi jiko likawa moto. *Ignis* likafa midomoni. Likabaki vitabuni, na humo ndimo wasomi walimolichota baadaye kutengeneza maneno kama *ignición* ya Kihispania na *ignition* ya Kiingereza. Lakini ukimwamsha Mwitaliano, Mhispania, Mreno, Mkatalani, Mfaransa au Mromania usiku wa manane nyumba inawaka, atapiga kelele kwa mtoto wa *focus*.

Yapange maneno yenyewe mstari mmoja: *foc* ya Kiromania, *fuoco*, *fuego*, *fogo*, *feu*. Fuata ile c ya katikati. Kiromania na Kiitaliano zimeitunza. Kihispania na Kireno zimeilegeza ikawa g. Kifaransa kimeendelea kuilegeza mpaka ikayeyuka, na mkia wa neno ukaondoka nayo. Ukimsikiliza Mfaransa akitamka *feu* unasikia f na irabu moja, basi. Je, nitajuaje kwamba sijilazimishii undugu? Ninajaribu neno jingine lenye umbo lilelile. Kilatini kilikuwa na *jocus*, utani. Kiromania: *joc*. Kiitaliano: *gioco*. Kihispania: *juego*. Kireno: *jogo*. Kifaransa: *jeu*. Yote sasa ni mchezo. Linganisha *fuego* na *juego*, *fogo* na *jogo*, *feu* na *jeu*. Sauti zimepita njia moja, hatua kwa hatua. Huo ndio ushahidi ninaouamini, kuliko kufanana kwa herufi ya kwanza.

Na hapo ndipo orodha yako inapokatika, Mama. *Feuer* na *fire* si ndugu wa *feu*. Mtego huu umenasa wengi, kwa sababu *feu* na *Feuer* zinaonekana kama mtu na kivuli chake. Lakini katika ukoo wa Kijerumani na Kiingereza, f ya mwanzo mara nyingi ilikuwa p hapo kale. Ndiyo maana *pater* ya Kilatini kwa Kiingereza ni *father*. Irudishe *fire* kwenye p yake, utakutana na *pyr* ya Kigiriki, ambayo ni moto. Hao ndio ndugu zake. Naye *ignis* hakufa bila ukoo: ndugu zake ni *ogon* ya Kirusi, *ugnis* ya Kilithuania na *agni* ya Kisanskriti. Wakati tuko kwenye mitego, ukikuta kwa Kifaransa "feu mon père", usiingize moto. Huyo ni marehemu baba yangu. *Feu* ya namna hiyo inatokana na *fatum*, ajali aliyoandikiwa mtu.

Nirudi kwenye jiko, maana lina watoto wengi ambao hawakupitia moto kabisa.

Kifaransa kina *foyer*. Kwanza ni mahali pa kuwashia moto ndani ya nyumba. Kisha ni nyumba yenyewe na waliomo. Kwenye hesabu za kodi *foyer* ni kaya. Mwanamke anayeshinda nyumbani kulea ni *femme au foyer*. Daktari akitafuta ugonjwa ulipoanzia kuenea, anatafuta *foyer*. Mwalimu wa fizikia wa Kifaransa akichora lenzi, ile nukta ya Ticha anaiita *foyer*. Na kwenye jumba la maonyesho, chumba ambamo watu walijipasha moto kati ya sehemu moja ya mchezo na nyingine kikaitwa *foyer*, na kwa maana hiyo ya ukumbi wa mbele neno limeingia Kiingereza, Kijerumani na Kirusi, ambako hakuna anayekumbuka kwamba pale paliwahi kuwa na kuni.

Kihispania kimefanya jambo la ajabu: kina *fuego* kwa moto, *hogar* kwa nyumbani na *foco* kwa nukta ya mwanga, yote matatu kutoka chanzo kimoja. Kwa nini moja lina f na jingine h? Kwa sababu f ya mwanzo wa maneno ya Kilatini katika Kihispania ilififia ikawa pumzi, kisha pumzi nayo ikakata, ikabaki h isiyotamkwa. Isipokuwa ilipofuatwa na *ue*: hapo midomo ilikwisha kukaza, f ikaokoka. Ndiyo maana wana *fuego* na *fuerte* kwa f, lakini *hogar* na *hoguera* kwa h. *Foco* haikupita mdomoni kwa watu. Ilitolewa vitabuni ikiwa mbichi, na f yake ikabaki. Huko Meksiko *foco* ni balbu ya taa. Mtu anayebadilisha balbu iliyoungua pale ameshika jiko la Kirumi mkononi.

Wareno kwa nyumbani wanasema *lar*. Hilo silo *focus*. Ni jina la Lar mwenyewe, mungu aliyekaa jikoni. Jirani mmoja amechukua jiko, mwenzake amechukua mungu wa jiko, na wote wawili wamefika nyumbani. Wareno pia huhesabu makazi kwa *fogos*, yaani mioto: jengo lenye *fogos* 8 lina makazi 8.

Mengine nayapitia haraka. *Fuel* ya Kiingereza ni kuni na mafuta ya kulisha jiko, imepitia Kifaransa cha kale. *Fusil*, bunduki ya Kifaransa, lilikuwa kwanza jina la chuma cha kugongea jiwe kutoa cheche. Kikafungwa kwenye bunduki, bunduki nzima ikarithi jina. *Focaccia* ni mkate uliookwa jikoni, majivuni. Jina lake limesafiri mashariki likawa *pogača* kwa Waserbia na Wakroati, *pogácsa* kwa Wahungari, *poğaça* kwa Waturuki.

Lililonigusa zaidi nimelibakiza. Zamani Ulaya kengele ililia jioni kuwaamuru watu wafunike moto wa jikoni, maana nyumba za mbao zilizobanana zingeteketea kwa kaa moja lililosahaulika. Kwa Kifaransa amri hiyo ni *couvre-feu*, funika moto. Waitaliano wakasema *coprifuoco*, maana ileile. Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa cha zamani, wakalibana mpaka likawa *curfew*. Nasi tunaosema "kafyu" tunapozuiwa kutoka usiku, ile "fyu" ya mwisho ndiyo *feu*. Mama, umeuliza moto umefikaje kwenye kamera. Umefika hata kinywani mwetu.

Msafiri wa Lugha

Shikamoo Mzee. Ticha, Mama, habari.

Naomba kuongeza la upande wa mashariki, kwa kuwa nimesoma Kipolishi na bado nakisoma. Wapolandi hawakuazima neno la Kepler kwa ajili ya nukta hiyo. Wanaiita *ognisko*. Nililijua neno hilo kwanza kama moto wa nje, ule ambao watu wanauzunguka usiku wakiimba. Kisha nikafungua kitabu cha fizikia nikakuta lenzi ina *ognisko*, na duaradufu ina *ogniska* mbili. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Wacheki nao wanasema *ohnisko*.

Baada ya hapo nikawa natafuta kila lugha. Wajerumani: *Brennpunkt*, nukta ya kuungua. Waholanzi: *brandpunt*. Wafini, ambao lugha yao haina undugu na hizi: *polttopiste*, nukta ya kuunguza. Wahungari wana *gyújtópont*, nukta ya kuwasha.

Swali langu kwa Mzee: kuna maelezo nimewahi kuyasoma kwamba *focus* lilikuja kumaanisha kukaza mawazo kwa sababu jiko ndipo familia ilipokusanyika, macho yote yakiangalia moto. Yalinipendeza sana. Ni kweli?

Mzee wa Mizizi

Marahaba, mwanangu. Hayo ya Kipolishi ni zawadi, na nitakwambia kwa nini. *Ognisko* limetoka kwenye *ogień*, na *ogień* ni ndugu wa *ignis*. Yaani lile neno ambalo *focus* lililiua midomoni mwa Warumi limeokoka upande wa pili wa Ulaya, na limepewa kazi ya *focus*. Nimelisoma jibu lako mara mbili nikiwa nimeshika kamusi, na nimefurahi.

Kuhusu familia kukusanyika: naelewa kwa nini maelezo hayo yanapendeza, lakini mimi siyakubali, na sababu ni mpangilio wa matukio. Katika Kilatini cha Warumi *focus* ni jiko, na kwa kupanuka ni nyumba na familia. Mtu kukaza akili kwenye jambo hakuitwi hivyo. Neno likafika kwa Kepler mwaka 1604 likawa nukta ya jiometria na mwanga. Kutoka hapo likaingia lugha nyingine kama neno la wanahisabati na mafundi wa lenzi. Thomas Hobbes alilitumia kwa Kiingereza miaka ya 1650. Na kutoka kwenye lenzi, si kutoka kwenye familia, ndipo likapata maana ya mahali ambapo mambo yanakutana, na mwisho kabisa ya mtu kukusanya akili yake. Anayekaza mawazo ni lenzi, si mtoto aliyekaa mbele ya moto.

Ushahidi wa pili umeuleta mwenyewe. Mataifa yaliyotafsiri picha badala ya kuazima neno yalitafsiri nini? Kuungua. *Brennpunkt*, *brandpunt*, *polttopiste*. Waliona kilichomo ndani ya nukta ni ile karatasi ya Ticha inayotoa moshi. Ni Wagiriki wa leo waliochagua jiko lenyewe: nukta ya lenzi wanaiita *estia*, neno lilelile la jiko la nyumbani na la mungu wa kike Hestia.

Hata hivyo, hisia yako kwamba jiko na watu vinakwenda pamoja si ya kutupa. Iko kwenye *hogar*, iko kwenye *foyer*. Na iko kwetu bila kuazima kwa mtu: jiko kwa Kiswahili ni mahali pa moto, ni chumba kizima cha kupikia, na tukisema fulani amepata jiko, ameoa. Njia ya kutoka kwenye moto kwenda kwenye familia tumeipita wenyewe. Ile ya kwenda kwenye lenzi hatukuipita, na hapo ndipo Mama anapohangaika.

Ticha wa Fizikia

Ninaunga mkono mpangilio wa Mzee, na ninaongeza dogo tu kwa Mama. Tenganisha jina na kitendo. Nukta ni fokasi, na umbali wa fokasi ni istilahi, usiiguse. Mtu anayenunua lenzi anahitaji kuikuta imeandikwa hivyo kila mara. Lakini *mettere a fuoco* ni kazi ya mkono kwenye pete ya lenzi. Mwambie msomaji anachofanya na anachokiona.

Mama Tafsiri

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Leo nimeirudia sura ya lenzi kutoka mstari wa kwanza.

Kwanza nilifanya jaribio la Ticha, kwa lenzi yenyewe ya kamera. Niliitoa, nikaishika juani juu ya kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa wino mweusi. Niliona duara, likasinyaa, likawa nukta. Karatasi ilianza kuungua pale penye wino, kwenye herufi, sehemu nyeupe ikiwa bado nzima. Nilisogeza lenzi kidogo tu na moshi ukakata. Nilikuwa nimeandika onyo lile kwa mkono mwepesi, kama sentensi ambazo viwanda huweka ili wasilaumiwe. Sasa nimeliandika kwa herufi nzito.

"Mettere a fuoco il soggetto" imekuwa: *Zungusha pete ya lenzi mpaka uso wa unayempiga picha uonekane wazi.* "Fuori fuoco" imekuwa: *picha ina ukungu.* Fokasi imebaki kwenye nukta na kwenye umbali, basi. Nimejisomea kwa sauti, sentensi hazigomi tena.

Na onyo sasa linasema hivi: *Usiache lenzi juani bila kifuniko. Mwanga wa jua ukikusanyika kwenye fokasi, mfuko wa kamera unaweza kushika moto.* Kwa Kiitaliano "fokasi" na "moto" yangekuwa neno moja. Nimeuliza kama naweza kuweka mstari mmoja kwenye faharasa nyuma ya mwongozo, nao wamekubali: *fokasi, nukta ambapo miale ya mwanga hukutana, kutoka Kilatini focus, jiko.*

Mzee, swali moja limebaki, ukipata nafasi. Kwenye sura inayofuata kuna *diaframma*, na kamusi yangu inasema pia ni kiwambo kilicho chini ya mapafu. Nifungue mada mpya?